Faili moja, kompyuta tatu: kwa nini nyaraka za familia hupotea kati ya Rejaf na Melbourne

Familia nyingi zilizotawanyika kati ya Sudan Kusini na Australia huhifadhi vyeti, barua na picha zao mtandaoni, katika kile kinachoitwa wingu, ili kila mmoja azione kwenye kompyuta yake. Mpango huo ni mzuri hadi siku faili inapokataa kufika, inapojitokeza mara mbili, au inapotoweka kwenye kompyuta zote kwa pamoja.

Rejaf iko kando ya Mto Nile Mweupe, kusini ya jiji la Juba, katika ardhi ya Wabari. Mtu anayeishi huko na mwanawe anayeishi Melbourne wametenganishwa na saa nane wakati wa majira ya baridi ya Australia, na saa tisa wakati wa majira ya joto. Mmoja anapoketi kwenye kompyuta baada ya chakula cha jioni, mwingine amelala fofofo. Kwa hiyo faili zao hazikutani mikononi mwa watu. Hukutana usiku, kwenye mitambo, bila shahidi.

Tuchukue familia ya mfano. Mama anaishi Rejaf na ana kompyuta mpakato ya zamani yenye Windows, ambayo huiwasha jioni ikiwa betri ya umeme wa jua imejaa. Mwanawe wa kwanza anaishi Juba mjini na ana kompyuta ya mezani. Binti yake yuko Melbourne na anatumia Mac. Watatu hao wana folda moja waliyoipa jina la Nyaraka za Familia. Ndani yake mna vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, karatasi za kiwanja, ripoti za shule, barua za hospitali na fomu za viza ambazo binti anamwandalia mama yake. Familia hiyo ni ya kubuni, lakini matatizo yatakayoelezwa hapa ni ya kweli, na huenda wasikilizaji wengi watayatambua.

Si vigumu kuelewa kwa nini familia kama hiyo imeamua kuziweka nyaraka zake mahali pasipoweza kuungua. Mapigano ya Desemba 2013 na yale ya Julai 2016 mjini Juba yaliwafukuza watu majumbani mwao bila nafasi ya kufungua kabati. Hata taifa lenyewe limeonja shida hiyo: kwa miaka kadhaa kumbukumbu za serikali za Sudan Kusini zilihifadhiwa ndani ya hema mjini Juba, kabla ya kazi ya kuzipanga na kuzigeuza kuwa za kidijitali kushika kasi. Aliyewahi kuombwa cheti ambacho kimebaki ndani ya nyumba iliyoteketea hahitaji kuelezwa thamani ya nakala.

Mjumbe asiyejua kusoma

Programu za kusawazisha faili zinazojulikana zaidi, kama vile Google Drive, OneDrive na Dropbox, hutofautiana kwa sura lakini hufanya kazi kwa namna inayofanana. Programu hukaa ndani ya kompyuta na kuiangalia folda moja muda wote. Faili ikibadilika, programu huikokotolea alama ya utambulisho, mfano wa alama ya kidole, kisha huilinganisha na ile iliyoko kwenye seva za kampuni. Alama zikitofautiana, faili hupakiwa kwenda juu. Kompyuta nyingine zenye folda hiyo huarifiwa, nazo huiteremsha.

Katika safari yote hiyo hakuna anayesoma kilichoandikwa. Programu ni mfano wa mjumbe mwaminifu asiyejua kusoma. Anajua kwamba barua ya leo si ile ya jana, lakini hajui kama ya leo ni bora, ni mbovu, au ni karatasi tupu. Ukimwambia apeleke, atapeleka. Ukichana barua mbele yake, atakwenda kuzichana nakala zote alizokwisha kuzisambaza, kwa bidii ileile. Karibu kila msiba wa faili unaosimuliwa na familia zetu unaanzia hapo, kwa kuwa watu huamini kwamba wingu ni kabati la akiba, ilhali wingu la aina hii ni kioo. Kinachotokea upande mmoja huonekana upande wa pili.

Faili mbili zenye jina moja

Tatizo linaloulizwa mara nyingi ni la faili kujizalisha. Mama alikuwa na barua moja ya kumtambulisha kwa ubalozi. Asubuhi anakuta mbili, ya pili ikiwa imeongezewa jina la kompyuta ya mwanawe au tarehe. Wengine hudhani ni kirusi. Sivyo.

Seva hukumbuka toleo la mwisho ambalo kompyuta zote zilikubaliana. Jumatatu jioni mama anarekebisha barua hiyo akiwa hana intaneti, anaihifadhi, kisha anafunga kompyuta kwa sababu betri inaelekea kuisha. Usiku huohuo mwanawe wa Juba anairekebisha barua ileile kwenye kompyuta yake iliyounganishwa. Jumanne mama anapopata mtandao, seva inakuta matoleo mawili, yote yametokana na toleo moja la zamani na hakuna lililolirithi jingine. Kwa kuwa haiwezi kusoma, haithubutu kuchagua. Inayaweka yote mawili na kuliongezea moja jina. Kwa maoni yangu, huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote ambayo programu hizi hufanya, na nakala hizo hazistahili kufutwa kwa haraka. Zifungue zote mbili, zisome, hamishia maneno yanayokosekana kwenye moja, kisha uifute nyingine ukiwa na hakika.

Mazingira ya Rejaf yanaifanya hali hiyo kuwa ya kawaida kuliko ilivyo Melbourne. Hali ya mtandao mjini Juba ilibadilika Februari 2020, pale kebo ya kwanza ya nyuzi za kioo kutoka mpaka wa Uganda ilipoanza kutoa huduma, na kabla ya hapo mji ulitegemea zaidi setilaiti na minara ya mawimbi. Hata hivyo, nyumba nyingi nje ya katikati ya mji bado huingia mtandaoni kupitia simu na bando linalonunuliwa kwa siku au kwa wiki. Kwenye mitandao ya simu kupakia faili kwenda juu kwa kawaida ni polepole kuliko kuiteremsha, hivyo mtu anaweza kutazama video bila taabu na bado barua yake yenye kurasa kumi zilizopigwa picha isipande usiku kucha.

Hapa kuna desturi mbili zinazosaidia. Ya kwanza ni kufunga faili kabla ya kufunga kompyuta, kwa kuwa hati iliyoachwa wazi mara nyingi hungoja na haipakiwi. Ya pili ni kuiacha kompyuta ikiwaka na mtandao ukiwa wazi hadi alama ya programu iliyo kwenye kona ya kioo ionyeshe kwamba imemaliza. Dakika tano za subira jioni huokoa majadiliano marefu ya simu kesho yake kuhusu nani aliyefuta maneno ya nani.

Saa iliyorudishwa nyuma

Kuna tatizo moja ambalo mafundi wa Melbourne hawatalifikiria, kwa kuwa ni la Sudan Kusini yenyewe. Saa sita usiku wa kuamkia Februari 1, 2021, nchi hiyo ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja, ikatoka katika majira ya Afrika Mashariki, yanayotumika Nairobi na Kampala, na kuingia katika majira ya Afrika ya Kati, ambayo Khartoum ilikwisha kuyarejea tangu Novemba 2017. Usiku ule saa sita iligeuka kuwa saa tano.

Kompyuta zilizokuwa zikipokea masasisho zilijifunza mabadiliko hayo. Zile za zamani, hasa zenye Windows 7 ambayo ilikoma kupewa masasisho ya kawaida Januari 2020, hazikujifunza. Nyingi zilikuwa zimewekwa katika majira ya Nairobi, na zikaendelea kuonyesha saa ya Nairobi. Wenye kompyuta hizo wakafanya jambo lililoonekana la kawaida: wakaisogeza mishale ya saa kwa mkono, wakarudisha saa moja, na kuzima kipengele cha kuweka saa kupitia intaneti ili isiwasumbue tena.

Saa ya ukutani haiathiriki kwa kitendo hicho, lakini kompyuta ina hesabu mbili. Ndani yake hutunza majira ya dunia, na saa unayoiona huipata kwa kuongeza tofauti ya eneo ulilolichagua. Ukibadilisha mishale bila kubadilisha eneo, umeharibu ile hesabu ya ndani. Kompyuta ya mama sasa inaamini kwamba dunia nzima iko nyuma kwa saa moja, na kila faili anayoihifadhi hupigwa mhuri wa saa moja iliyopita.

Huduma kubwa za wingu kwa kawaida haziamui kwa mhuri huo peke yake. Hutegemea namba za matoleo zilizo kwenye seva. Lakini familia nyingi hutumia pia programu ndogo za kunakili folda kati ya kompyuta na diski ya nje, na nyingi kati ya hizo huchagua faili iliyo mpya zaidi kwa kuangalia mhuri wa saa. Hapo barua aliyoiandika mama saa mbili usiku inaweza kufutwa na toleo lililohifadhiwa saa moja na nusu. Kuna dalili nyingine pia: zile tarakimu sita za usalama zinazotengenezwa na programu ya simu hubadilika kila baada ya sekunde 30, na huhesabiwa kwa saa ya simu. Simu iliyorekebishwa kwa mkono kwa namna hiyohiyo hutoa tarakimu ambazo huduma itazikataa, na mtu atalaumu nywila yake bure.

Dawa yake ni fupi. Ingia kwenye mipangilio ya tarehe na saa, chagua Juba katika orodha ya majira, na kama Juba haimo chagua mji mwingine ulio saa mbili mbele ya majira ya dunia na usiobadilisha saa kwa misimu, kama vile Harare. Kisha washa tena kipengele cha kuweka saa kupitia intaneti. Kama kompyuta inarudi mwaka wa zamani kila inapozimwa, betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao wake imekufa. Hiyo ni kazi ya fundi, na haifai kuahirishwa, kwa sababu kompyuta yenye tarehe ya miaka mingi iliyopita hukataliwa na karibu kila tovuti salama, na usawazishaji husimama kabisa.

Majina na nukta zake

Rejaf ina historia yake katika suala la maandishi. Mnamo Aprili 1928 ulifanyika huko mkutano wa lugha, ambapo wakuu wa utawala wa Sudan ya wakati huo na wamisionari, pamoja na wajumbe waliotoka Uganda na Kongo ya Wabelgiji, walikaa kuamua ni lugha zipi zitumike katika shule za kusini na ziandikwe vipi. Waliteua Kibari, Kidinka, Kilatuko, Kinuer, Kishiluki na Kizande, na walitaka tahajia moja ili kitabu kilichochapwa kwenye misheni moja kisomeke kwenye nyingine. Kutokana na juhudi za kipindi hicho zilienea herufi ambazo hadi leo hupamba majina ya watu na lugha za huko, kama vile ŋ, ɛ na ɔ.

Takriban karne moja baadaye, suala lilelile la kuandika namna moja limerudi kupitia mlango wa kompyuta. Chukua jina ambalo Wadinka huiita lugha yao, Thuɔŋjäŋ. Ile ä yenye nukta mbili inaweza kuhifadhiwa kwa njia mbili: ama kama herufi moja kamili, au kama a ya kawaida ikifuatiwa na nukta mbili zinazopandishwa juu yake. Jicho halioni tofauti yoyote. Mac inazichukulia njia hizo mbili kuwa jina moja, lakini Windows huziona kuwa majina mawili. Ndiyo maana mwana aliye Juba anaweza kukuta folda mbili zenye jina lilelile kabisa, moja ikiwa na faili na nyingine ikiwa tupu, naye akaapa kwamba anachezewa.

Sishauri mtu aache kuliandika jina lake sawasawa. Ndani ya hati, liandike kwa nukta zake zote, hasa kama ni fomu ya serikali ambayo lazima ilingane na pasipoti. Lakini jina la faili ni lebo tu ya nje, na hapo herufi za kawaida, tarakimu na kistari vinatosha. Tarehe nazo zina mtego wake. Kwenye Mac unaweza kuipa faili jina la Cheti 12/03/2019. Windows haikubali mkwaju katika jina la faili, wala nukta mbili, wala alama ya kuuliza. Kulingana na huduma, faili hiyo itabadilishwa jina au itakwama njiani bila kelele. Iandike 2019-03-12 Cheti, nayo itafika, na zaidi ya hayo zitajipanga zenyewe kwa mfuatano wa miaka.

Inaonekana, lakini haipo

Ili kuokoa nafasi, programu za siku hizi huonyesha orodha ya faili zote bila kuziteremsha. Kwenye OneDrive, alama ya wingu la buluu ina maana kwamba faili iko mtandaoni pekee, na alama ya tiki ya kijani ina maana kwamba nakala yake imo ndani ya kompyuta. Mama akienda ofisini Juba na kompyuta yake, akaifungua mbele ya karani mahali pasipo mtandao, ataliona jina la cheti na hataweza kukifungua. Folda muhimu ibofye kwa kitufe cha kulia siku chache kabla ya safari, na uchague ibaki daima kwenye kifaa hiki.

Nafasi ikijaa, mambo husimama kimyakimya. Google hutoa bure gigabaiti 15, lakini tangu Juni 1, 2021 picha mpya za simu nazo zinahesabiwa humo, pamoja na barua pepe. OneDrive hutoa gigabaiti 5 na Dropbox gigabaiti 2. Wingu likijaa kwa video za harusi, kompyuta itaendelea kuhifadhi faili ndani yake kama kawaida na mama hataona tofauti, lakini hakuna kitakachopanda. Programu pia inaweza kujisitisha yenyewe pale kompyuta inapookoa betri, au pale mtandao wa simu ulipotiwa alama kuwa ni wa kulipia kwa kipimo. Huo ni wema kwa wenye bando dogo, ila ni wema usiotangazwa. Angalia alama ya programu kabla ya kumlaumu mtu wa upande wa pili.

Siku folda inapofutwa

Tuje kwenye msiba wenyewe. Diski ya mama imejaa na kompyuta imekuwa nzito. Jirani kijana, kwa nia njema, anamwambia: hizi picha na hati zote ziko kwenye wingu, zifute hapa upate nafasi. Mama anaifuta folda ya Nyaraka za Familia. Mjumbe asiyejua kusoma anaichukua amri hiyo. Baada ya dakika chache folda imetoweka Juba. Binti akiamka Melbourne, kwake pia haipo, na fomu za viza zilizobakiza siku chache ziwasilishwe zimeondoka nazo.

Mambo mawili hupaswa kutenganishwa hapa. Kuondoa nakala iliyo kwenye kompyuta pekee ni amri tofauti, nayo hupatikana kwa kubofya folda kwa kitufe cha kulia na kuchagua kuachilia nafasi. Kufuta ni kufuta, popote ulipo.

Faili zilizofutwa hazipotei mara moja. Ingia kwenye tovuti ya huduma kupitia kivinjari, na utafute tupio au pipa la taka la huko mtandaoni, ambalo ni tofauti na lile la kompyuta. Google Drive, akaunti binafsi za OneDrive na akaunti za bure za Dropbox hutunza vilivyofutwa kwa siku 30. Kama faili haikufutwa bali imeandikwa upya vibaya, tafuta historia ya matoleo. Huenda toleo la juzi bado lipo. Hatari ya siku 30 ni kwamba nyaraka za aina hii hazifunguliwi kila siku. Cheti cha ndoa kinaweza kufutwa Machi na kutafutwa Agosti.

Kuna muda mwingine mrefu zaidi ambao wengi hawaujui. Tangu Desemba 2023 Google imekuwa na haki ya kufuta akaunti binafsi ambazo hazijatumika kwa miaka miwili, pamoja na vyote vilivyomo. Kama nyaraka za familia ziko katika akaunti ya baba aliyefariki, au ya mjomba aliyebadilisha simu na kusahau nywila, ni jambo la kushughulikiwa sasa.

Tukio jingine la mwaka huohuo linafundisha kuhusu haraka. Novemba 2023 baadhi ya watumiaji wa Google Drive ya kompyuta, matoleo ya 84.0.0.0 hadi 84.0.4.0, waligundua kwamba faili zao hazionekani. Kampuni ilikiri tatizo na kuwaonya watu wasitenganishe akaunti wala wasifute folda ya data ya programu, kwa sababu faili ambazo hazikuwahi kupanda bado zilikuwa zimefichwa humo. Waliokuwa wamekwisha kuiondoa programu na kuiweka upya, tiba ambayo kila fundi wa mtaani huianza nayo, walijiweka katika hali ngumu zaidi.

Uanzie wapi

Kwa hiyo, mambo yakiharibika, hatua ya kwanza ni kusitisha usawazishaji kwenye kompyuta zote, au kuzima mtandao wake. Pigia simu kila mwenye kompyuta na umwombe asiguse folda. Kisha, katika kila kompyuta, nakili folda nzima kama ilivyo kwenye flashi au diski ya nje, hata kama inaonekana kuwa pungufu, kwa kuwa huenda kompyuta ya Juba ina toleo ambalo halipo kwingine. Hakikisha tu flashi hiyo ni safi. Flashi inayozunguka kwenye maduka ya kuchapisha mara nyingi hurudi na virusi, na virusi vikiingia ndani ya folda inayosawazishwa vitasafirishwa hadi Melbourne kama faili nyingine yoyote.

Baada ya hapo fungua tovuti ya huduma kwenye kivinjari. Kilichoko huko ndicho seva inachokijua. Faili ikiwa huko lakini haipo kwa mama, tatizo liko kwenye kompyuta ya mama: saa, nafasi ya diski, au akaunti nyingine aliyoingia nayo bila kujua. Faili ikiwa kwa mama lakini haipo kwenye tovuti, tatizo ni la kupanda: jina lisilokubalika, wingu lililojaa, au programu iliyojisitisha. Njia hiyo ya kuuliza upande upi umekatika huokoa saa nyingi za kubahatisha, na inaweza kufanywa kwa simu na mtu ambaye si fundi.

Jambo la kuepuka ni kuweka programu mbili za kusawazisha juu ya folda moja. Kila moja itachukulia kazi ya mwenzake kuwa ni mabadiliko mapya ya kusambazwa, na faili zitaongezeka bila kikomo. Windows pia huweza kuhamishia folda za Nyaraka, Picha na Eneokazi ndani ya OneDrive bila mtumiaji kulitilia maanani swali aliloulizwa. Akikizima kipengele hicho baadaye, eneokazi linaweza kuonekana tupu. Faili zake mara nyingi ziko salama ndani ya folda ya OneDrive iliyo kwenye kompyuta hiyohiyo.

Na kwa kuwa kioo hakiwezi kuwa kabati, familia inahitaji pia nakala ya akiba iliyo nje ya mfumo huu. Diski ya nje inayochomekwa mara moja kwa mwezi, ikanakiliwa, ikachomolewa na kuhifadhiwa katika nyumba nyingine, haiwezi kufikiwa na amri ya kufuta iliyotolewa Rejaf. Katika familia yetu ya mfano, ningeiweka Melbourne, kwa binti, ambako umeme haukatiki mara kwa mara, na nyingine ndogo kwa mwana wa Juba. Nyaraka za familia zikishapunguzwa ukubwa hazifiki hata gigabaiti moja, na flashi ya bei ndogo inazimudu. Kwa kuwa ina pasipoti na vyeti vya watu, iwekewe nywila, na nywila ijulikane na watu wawili.

Kisha jaribuni mfumo wote siku ambayo hakuna dharura. Mama aandike faili fupi yenye tarehe na saa ya Rejaf, aihifadhi ndani ya folda, na asizime kompyuta hadi programu imalize. Binti aifungue, aongeze mstari chini yake wenye saa ya Melbourne, na aihifadhi. Mama akiuona mstari huo kesho yake jioni, katika faili moja na si mbili, na tofauti ya saa ikiwa nane au tisa kulingana na msimu, folda inafanya kazi. Ikiwa ni saba, rudini kwenye mipangilio ya saa ya kompyuta ya Rejaf: huenda bado inaishi katika majira ya Nairobi.